Mpiga Picha wa Ndani

Mpiga picha wetu alikuwa akifika nyumba ya harusi kabla ya kila mtu, tena bila kamera. Huja siku tatu au nne mbele, akavua viatu mlangoni, akapanda ngazi mpaka chumba atakachotiwa hina bibi harusi, akaomba mkeka, akakaa. Akiletewa kahawa hunywa, asipoletewa haulizi. Alikuwa anatazama mwanga. Nyumba za Mji wa Kale zimebanana, jua huingia kwa vipande, na kila nyumba ina saa yake. Kwengine huingia saa nne kupitia roshani na saa tano limekwisha kwenda. Kwengine halifiki kabisa, lazima ungoje limulike ukuta wa jirani kisha likurudie wewe. Akishajua, humwita mama wa bibi harusi na kumwambia, "Saa tisa unusu mumweke hapa, miguu ielekee mlangoni. Ikipita hapo mimi sina kazi." Na watu wazima wenye heshima zao walihamisha saa ya hina kwa ajili yake.

Sote tulimwita Mpiga Picha, kana kwamba hakuna mwengine kisiwani. Wako wengi, wanaume wenye taa na miguu ya chuma ya kuwekea kamera, wanaopiga picha za nikaha msikitini na bwana harusi akitoka kwenye gari. Hao ni wa nje. Yeye alikuwa wa ndani, pale wanawake wanapokuwa wenyewe kwa wenyewe, bibi harusi anasuguliwa singo ya kulainisha ngozi, nywele zimefumuliwa, leso zimefungwa kifuani.

Namwandika kwa sababu nilimkosea. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nimekusudia kumsifu tu. Kwa miaka saba na zaidi mji ulimwona msaliti kwa jambo nililolifanya mimi, nami nilijua, na nilinyamaza.

Watu humuuliza mtu kama yeye kwa nini picha zake hazina rangi. Vijana walidhani ni sanaa, wakamsifu kwa maneno makubwa. Ukweli ni kwamba ulikuwa ni uamuzi wa haya. Alipoanza, filamu ilikuwa lazima ipelekwe dukani ikasafishwe, na huko dukani ni wanaume. Mama gani angekubali nywele za bintiye zipite mikononi mwao? Picha za rangi zilimshinda kuzisafisha nyumbani, lakini nyeusi na nyeupe alijifunza. Choo chake hakikuwa na dirisha. Alikuwa na mabeseni matatu, balbu nyekundu, na leso kuukuu za kuziba mwanga chini ya mlango. Mikono yake ilinuka dawa siku zote, harufu kama ya siki, hata akila biriani. Hakuna jicho la mwanamume lililosimama kati ya kamera yake na mkono wa bibi harusi, na hilo ndilo wanawake walilokuwa wakilitaka kwake.

Kazi ikisha, alileta bahasha mwenyewe. Ndani mna picha na negetivu zote, mpaka ile iliyoharibika. Yeye hakuweka hata moja. "Hizi ni zako," alikuwa akisema. "Ukizitia moto, sawa. Ukizionyesha, wajua mwenyewe uliyemwonyesha." Kisha humfanya bibi harusi ahesabu negetivu mbele yake, moja moja, zikielekezwa dirishani. Mimi nilizihesabu pia. Nilichoka katikati nikasema zimetimia, akanilazimisha nianze upya.

Mkao wake chumbani ulikuwa wa ajabu. Alivaa dera lile lile la kijivu, akakaa kitako chini na kamera mapajani, na saa nzima asiiguse. Akipewa nazi anakuna. Wakitaja fulani na fulani naye anachangia, tena alikuwa hodari wa kusengenya, hilo nisimfiche. Ukishamsahau ndipo anapoanza. Ukimkumbuka na kujipanga uso, anashusha kamera. "Wanitazama nini?" aliniambia siku ya hina yangu. "Mimi si mumeo."

Mimi alinipa saa nne ya asubuhi. Mama alinung'unika, hina ya saa nne nani aliiona, wageni hata mapishi ya asubuhi hawajamaliza. Mpiga picha alimjibu kwamba uso wangu ukifika adhuhuri hujifunga, na kwamba kama wanataka mwana wao aonekane kama sanamu basi wangoje alasiri. Wakakubali. Nikatiwa hina asubuhi, jua likiwa limelala sakafuni mpaka magotini pangu.

Alikuwa na ulimi. Alikwenda nyumba moja Kizingo, nyumba kubwa ya bustani na mlinzi getini, akapandishwa sebuleni. Madirisha ya vioo toka juu hadi chini, kuta nyeupe, taa za dari zinawaka mchana. Akazunguka, akaomba wazime taa, wakazima, bado mwanga umejaa kila pembe. Akamwambia mwenye nyumba, "Mama, hapa hamna pa kujificha mtu. Nitapiga nini?" Akashuka akaenda zake. Walimtumia gari mara mbili kumbembeleza, hakurudi. Siku hizo alikuwa na shida, paa lake linavuja, na mimi nikamwona mjinga. Alisema mtu hawezi kuonekana vizuri mahali ambapo kila kitu kinaonekana.

Mtu huyo huyo mkali alikwenda bure kwa binti wa karani mmoja wa bandarini, Wakristo wa bara, waliokuwa wakiishi karibu na stesheni. Binti anaolewa kanisani, babake amekataa kuja kwa sababu hakumpenda mchumba. Asubuhi ya harusi yuko mbele ya kioo, gauni limembana, dada zake wanavuta zipu, na machozi yanamtoka bila sauti. Dirishani, akasema mpiga picha, kulikuwa na mwanga ambao hajapata kuuona tena. Akaiweka kamera kitandani, akamshika mikono mpaka alipotulia. Nilimuuliza kwa nini hakuipiga ile picha. Akaniambia, "Angeiona baadaye angedhani ndiyo harusi yake." Kisha akabadilisha maneno, akauliza timu gani inacheza, kwani alikuwa mpenzi wa mpira wa redioni asiye na mfano, mwanamke wa makamo aliyegombana na watangazaji na kuwaapiza kwa majina.

Sasa nije kwangu.

Katika picha zangu thelathini na kitu, niliyoipenda mimi mwenyewe ilikuwa ya mama, ana pini mdomoni na amekunja uso. Lakini iliyokuwa nzuri kupita zote haikuwa yangu. Ilikuwa ya Salma, binti wa shangazi yangu. Alikuwa ameosha nywele siku ile akakaa dirishani kuzikausha, leso moja kifuani, mabega wazi, na mtu alimwambia jambo la kuchekesha. Amerudisha kichwa nyuma, mwanga umepita kwenye nywele mpaka zinaonekana moja moja, na kucheka kwake kunamfikia hata asiyekuwepo. Salma ni mtu wa kujizuia. Mimi nimekua naye na sijawahi kumwona hivyo nje ya picha ile.

Dada yangu yuko Maskati. Hakupata ruhusa ya kazi kuja harusini, na kila tukizungumza alikuwa akilia. Mwezi wa tatu wa ndoa yangu, alasiri moja, nikazitandaza picha kitandani, nikaichukua ya Salma, nikaipiga kwa simu, nikamtumia. Nikaandika, mtazame Salma. Basi. Sikuwa na nia nyengine. Dada naye akaipenda, akaiweka kwenye status ya simu yake akisahau ni nani na nani wanaomwona, na alipokumbuka baada ya saa moja akaifuta. Saa moja ilitosha. Siku ya nne, imeshapita simu nyingi na hakuna ajuaye ilikotoka, ilikuwa kwenye simu ya mume wa Salma, ametumiwa na rafiki yake aliyemuuliza, huyu si mkeo?

Salma alirudishwa kwao, akakaa kwa mama yake miezi minne. Hakuachwa, lakini aliporudi kwa mumewe alirudi kama mtu aliyeruhusiwa. Dada yangu alinipigia akaniomba kwa jina la Mungu nisimtaje. Sikuhitaji kuombwa. Nilikuwa na mimba changa, na nilikuwa na mume ambaye bado sijamjua hasira zake. Shangazi aliponiuliza kama nilimpa mtu picha zile, nikasema, "La, shangazi, ziko sandukuni." Ilikuwa kweli. Zilikuwa sandukuni.

Likabaki jibu moja tu. Mpiga picha ameweka negetivu, ameisafisha nyengine, ameiuza au ameionyesha. Shangazi akavaa buibui, akamchukua Salma, akanichukua na mimi niwe shahidi kwamba zangu hazijatoka. Tulisimama mlangoni kwake, shangazi mbele, Salma amejifunika uso wote, mimi nyuma yao.

"Tulikuamini tukakuingiza ndani kwetu," shangazi akamwambia, "nawe wamtembeza mwanangu mitaani."

Mpiga picha alikuwa ameshika taulo, mikono imelowa. Alitazama simu aliyoonyeshwa. Kisha akaniangalia mimi, mara moja tu, akarudisha macho kwa shangazi.

"Picha hii naliipiga mimi," alisema.

"Basi ni wewe uliyeitoa."

"Naliipiga mimi," akarudia, akajifuta mikono kwa taulo.

Shangazi alisema mengi, na majirani walikuwa madirishani. Mimi nilishika tumbo langu na kutazama viatu. Ningeweza kusema neno moja tu likaisha pale pale. Ninaijua sehemu ya ukuta niliyokuwa nimeiegemea, nikipita hata leo naijua.

Toka siku ile hakuna aliyemwita. Si kwamba walikaa wakaamua. Kila mama alisikia kwa mwenzake. Wanawake wanaopita nyumba kwa nyumba kualika harusi wakifika mlango wake waliuruka. Wakatokea wasichana wenye kamera ndogo za kisasa, na mlangoni kwenye nyumba za harusi kukawekwa kikapu cha kukusanyia simu. Yeye akaanza kudarizi kofia. Nilisikia darizi yake ni safi. Baadaye nikasikia hadarizi tena.

Miaka saba na zaidi ikapita, ndipo nilipokutana naye Feri, pale kivukoni. Mimi nashuka, yeye anapanda, ameshikwa mkono na mpwa wake, na watu wa mihogo na maji baridi wanampigia kelele masikioni. Alikuwa akipima ardhi kwa ncha ya kiatu. Akasimama mbele yangu hasa, uso kwa uso, kama hatua mbili. Macho yake yalikuwa wazi na hayakunishika. Mpwa wake hanijui. Ningeweza kumsalimu. Nilijibana kwenye kingo za chuma, nikazuia hata pumzi, nikamwacha apite. Huo ndio uchafu nilioufanya mara ya pili, na huo ndio ulioninyima usingizi kuliko wa kwanza, kwa sababu wa kwanza nilikuwa na udhuru.

Nikakaa wiki mbili. Kisha nikaenda baada ya sala ya alasiri, na mkate wa mofa kwenye mfuko, kama mtu anayekwenda kumjulia mgonjwa hali. Siku hizi anakaa chumba cha chini, kichochoro kisichopitisha pikipiki mbili. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Mwanaisha."

"Mwanaisha yupi?"

Nikataja jina la baba. "Wa saa nne," akasema. "Ingia. Funga mlango, paka wa jirani ana tabia mbaya."

Akanielekeza pa kukaa, akanimiminia chai mwenyewe, kidole kimoja ndani ya kikombe ajue imefika wapi. Nilimpa pole kwa macho. Akasema daktari amemwambia ni presha ya macho, ilianza zamani, na kwamba jicho la kulia bado linajua dirisha liko wapi. Nikasema nilichokuja kusema, maana nilijua nikiumaliza mkate nitaaga.

"Mama, ile picha ya Salma niliitoa mimi."

Akapapasa meza, akakiweka kikombe. "Nalijua."

"Toka lini?"

"Siku mlonijia mlangoni. Negetivu n'nazo wapi mimi? Zote nalikukabidhi, ukahesabu. Kama si mimi, ni nani?"

"Mbona hukunitaja?"

"Ulikuwa umesimama nyuma ya shangazio, umejishika tumbo. Nikasema, huyu ana mimba na mume mpya, nikimtaja leo naye atarudishwa kwao. Watakuwa wawili. Hebu nimngoje ajifungue, atasema mwenyewe. Ukajifungua, nikasikia. Nikasema arubaini itoke. Ikatoka. Nikasema mtoto aache ziwa." Akageuza uso kidogo kuelekea dirishani. "Yuko darasa la ngapi?"

"La pili."

Mimi nikalia, na sikulia kwa kumhurumia, nililia kwa aibu, ni vitu viwili mbalimbali. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize kama anavyongoja mtu mvua ikate.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, haya. Hilo lilikuwa jepesi, naliliweka tayari miaka." Sauti yake haikuwa na ukali, na ndiyo iliyonitisha. "Lakini mwanangu, mimi sikuvunjiwa jina humu chumbani. Nalivunjiwa mbele ya watu. Wewe waja kunirudishia tukiwa wawili, mlango umefungwa. Nitafanya nalo nini hapa? Mimi kweli naijua tayari. Wasioijua ni wao."

Nikamwambia Ijumaa kuna hina kwa shangazi, anaolewa mdogo wake Salma, wanawake wote watakuwepo. Nikasema nitasema Ijumaa.

"Ijumaa ipi?" akauliza.

"Hii inayokuja."

"Haya," akasema.

Alhamisi nilimwambia mume wangu. Sikutaka aisikie mitaani, yatosha yaliyomfika mume wa Salma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja tu, kama nilikuwa ninasali muda wote huo. Nikasema nilikuwa ninasali. Akachukua kofia yake akatoka, na mpaka leo ananisemesha kwa mambo ya nyumba tu.

Ijumaa nilitia simu yangu kikapuni kama wenzangu, nikapanda. Bibi harusi amelazwa kwenye mto, mguu mmoja umeshajaa nakshi nyeusi za piko. Msichana wa kamera yuko kona, na wanawake wanajifunika kila akinyanyua mkono. Nilisimama. Nilikuwa nimetunga maneno marefu, yakanipotea. Nikasema, "Picha ya Salma niliitoa mimi kwa simu yangu. Nilimtumia mtu wangu, ikaenea. Mpiga picha hakuweka negetivu yoyote. Alinistiri mimi." Sikumtaja dada, lakini hapo hapana aliyekuwa hajui mtu wangu ni nani.

"Kaa chini, Mwanaisha," shangazi akasema.

Sikukaa. Salma alikuwa amebeba sinia ya mauwa ya asumini. Akaniuliza taratibu, ingawa alijua, "Siku ile mlangoni, ulikuwepo?"

"Nalikuwepo."

"Nyuma yetu?"

"Nyuma yenu."

Akaiweka sinia, akaingia chumba cha ndani, na hakutoka mpaka mimi nilipoondoka. Hajanisemesha. Simlaumu. Waliobaki wakaendelea na hina kwa sauti za chini, na mtu mmoja akasema maskini, sikujua anamwambia nani. Nilipokuwa navaa viatu shangazi alinifuata ngazini. Hakunitazama. Akasema, "Harusi ni Jumapili. Utakwenda kumwalika wewe. Peke yako, mchana, usiende jioni."

Nikaenda Jumamosi, adhuhuri imetoka, kichochoro kimejaa watu wanaotoka sokoni. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa ndani, mbali na mwanga. Nikapiga hodi, nikasimama kizingitini kama wanavyosimama waalikaji, nikasema kwa sauti ya kawaida kwamba shangazi anamsalimu, na anamwalika harusi ya bintiye kesho baada ya alasiri, yeye na wa nyumbani kwake.

Alinyanyuka, akaja akishika ukuta mpaka mlangoni. Akanipapasa mkono ajue niko wapi.

"Rudia," akasema. "Kwa sauti."

Nikarudia. Mtu wa duka la kona aliacha kupima mchele. Juu yetu dirisha likafunguka, kisha la pili. Nikataja jina la shangazi, nikalitaja jina la mpiga picha kamili, ambalo watu walikuwa wamelisahau, nikamwalika kwa sauti ambayo sijapata kuitumia barabarani maisha yangu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, midomo yake inakwenda na maneno, mpaka nikamaliza.

"Waambie nimepokea," alisema, naye kwa sauti. Kisha akaishusha, ikawa yangu peke yangu. "Lakini kwenda siendi, mwanangu. Mimi harusini nalikuwa naenda kutazama."